Uaminifu na Upelelezi katika Unyumba

Miongoni mwa mali za mwanadamu iko moja isiyohesabika wala kupimwa, nayo ni imani ya mtu kwa mwenzi wake. Mfugaji wa Meatu huhesabu ng'ombe wake jioni warudipo zizini, na mkulima wa Itilima huona uzito wa pamba yake juu ya mizani. Lakini mume na mke hawana zizi wala mizani kwa mioyo yao. Upungufu huo ni wa kale. Jambo jipya ni kwamba siku hizi kimepatikana chombo kinachojidai kuuziba, nacho ni simu ya mkononi.

Yafaa kwanza kujua chombo hicho kifanyavyo kazi. Simu janja hupokea ishara za setilaiti zisizopungua 4, na kwa kulinganisha nyakati za ishara hizo hukadiria mahali ilipo, aghalabu kwa tofauti ya mita chache penye uwazi. Penye ishara hafifu hujisaidia kwa minara ya simu. Kisha programu huipeleka habari hiyo kwa mtu mwingine aliye mbali. Elimu hii ilizaliwa jeshini, na mpaka mwanzo wa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa ishara zilizotumiwa na raia. Leo mume aliyeketi mjini Bariadi aweza kuona kwamba simu ya mkewe imefika Lamadi, imekaa huko saa mbili, na sasa imo njiani kurudi. Lakini aliyoyaona ni mahali pa simu tu. Kama mwenye simu alikwenda kumtazama mgonjwa, kudai deni au kutenda khiana, alama juu ya ramani ni ile ile. Aliyobakiza wazi chombo, wivu huyajaza.

Wako wanaoutetea upelelezi huu, na hoja zao si za kudharauliwa. Husema kwanza kwamba ni ulinzi: mke aliyechelewa mnadani, au mume aliye safarini wakati wa masika mito imefurika, hupatikana kwa urahisi mwenzake ajuapo alipo. Husema pili kwamba watu wa ndoa ni mwili mmoja, nao hawastahili kufichana. Mficha uchi hazai. Husema tatu kwamba mwenye nia safi hana la kuogopa.

Hoja ya ulinzi ina nguvu, ila haithibitishi upelelezi wa siri. Katika hifadhi ya Serengeti, inayopakana na mkoa wa Simiyu, watafiti huwafunga tembo shingoni visukuma mawimbi ili wajulikane waendako. Kazi hiyo ni njema, kwa maana humlinda tembo na huyalinda mashamba ya watu. Walakini tembo hulazwa kwa dawa kwanza. Hakuulizwa, wala hapana njia ya kumwuliza. Mtu aingizaye programu katika simu ya mwenzake akiwa usingizini amemtenda vivyo hivyo, ilhali huyu angeweza kuulizwa na kujibu. Nia njema haitoshi kuchukua mahali pa swali.

Hoja ya pili huchanganya kushirikiana na kumilikiana. Watu wawili waweza kuwa na nyumba moja, watoto wale wale na chakula cha chungu kimoja, na bado kila mmoja akabaki mtu. Mke huwa na siri ya dada yake aliyoaminiwa. Mume huwa na aibu ya ndugu yake asiyopewa ruhusa ya kuieleza. Siri hizo si khiana kwa ndoa. Ni amana za watu wengine. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 16, imempa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake binafsi. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imefanya kuwa kosa kuingia bila idhini katika mfumo wa kompyuta. Cheti cha ndoa hakikutajwa popote kuwa idhini hiyo.

Basi swali kubwa ni ridhaa. Ridhaa ya kweli ina masharti matatu: mwenye kuitoa ajue anachokubali, awe huru kukataa, na aweze kuiondoa kesho. Sharti la pili ndilo gumu. Chukua mfano wa mke ambaye simu yake imenunuliwa na mumewe, na mtaji wake wa biashara umetoka mkononi mwa mume huyo. Akiambiwa aruhusu kufuatiliwa, atasema ndiyo. Lakini neno hilo limesemwa na hofu kwa kinywa chake. Kipimo cha ridhaa ni malipo ya anayekataa. Ikiwa kukataa huleta kununiwa, kunyimwa matumizi au kupigwa, hapana ridhaa hapo hata kama kichwa kiliitikia. Sheria ya Ndoa ya 1971 imekataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na mpiga mwenzi ajuaye kila saa mwenzake alipo amezidishiwa silaha.

Yabaki hoja ya tatu, kwamba mwema hana la kuogopa. Wakulima wa Jimbo la Ziwa waliwahi kudai sana kuona kwa macho. Malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi wa pamba yalisaidia kuzaa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Yaweza kuulizwa: ikiwa mizani ya wazi ilileta haki sokoni, kwa nini isilete haki nyumbani? Jibu ni kwamba mizani ile ilitakiwa kusimama mbele ya pande zote mbili. Hata soko halikukubali mizani ya kificho. Fauka ya hayo, kilo ya pamba haibadiliki kwa kutazamwa. Uaminifu hubadilika. Mtu atunzaye ahadi yake huku akijua anaangaliwa, hapana awezaye kusema, wala yeye mwenyewe, kama anaitunza kwa mapenzi au kwa hofu. Kwa hiyo mpelelezi huharibu kile kile alichotaka kukithibitisha. Aliyenyimwa nafasi ya kukosa amenyimwa pia nafasi ya kuwa mwaminifu.

Hapana budi kukiri kwamba yuko mtu mwenye sababu ya haki ya kushuku. Aliyekwisha kudanganywa, anayehofia maradhi au kutelekezwa pamoja na watoto, haki yake ya kujua ukweli ni kubwa, na kumwambia aamini tu ni kumdhihaki. Lakini ramani haimpi ukweli huo. Humpa mahali tu, na usiku mwingine wa kutolala. Yaliyo mbele yake ni magumu zaidi na ya kiungwana zaidi: kuuliza ana kwa ana, kwenda hospitali kupimwa, kuwaita wazee, kulifikia baraza la usuluhishi la ndoa ambalo sheria ya 1971 imeliweka, au kuondoka.

Wenzi wawili waliokubaliana kuonyeshana walipo, kila mmoja akimwona mwenzake na kila mmoja akiwa huru kuizima simu yake bila kesi, hawana lawama. Hao wamepeana zawadi. Lawama ni ya ajifichaye ili amwone mwenzake. Anadai uwazi kwa njia ya siri, na anataka uaminifu kwa kuvunja wa kwake. Kama mwenzake hakuwa na khiana, basi siku ile imeingia khiana ya kwanza nyumbani, na aliyeileta ni yeye.