Ada ya Mlango Uliofungwa

Liko swali ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini tukilichungua twaona limebeba jambo kubwa la haki kati ya mtu na jirani yake. Mtu amepatana na mwenye nyumba kumlipa ada kila mwezi, ili apate kuingia na kutumia vitu vilivyomo. Siku moja nyumba inafungwa kwa muda, si kwa kosa la mwenye nyumba, wala si kwa kosa la mlipaji, bali kwa amri ya serikali. Je, yampasa mtu yule kuendelea kulipa? Na mwenye nyumba akiendelea kupokea, je, apokea haki yake, au ametwaa kilicho cha mwenzake?

Swali hili lilizuka katika nchi nyingi mwaka 2020, ulipoenea ugonjwa wa korona. Katika miji mikubwa ziko nyumba za mazoezi ya mwili, ambazo watu huziita jimu. Humo mna vyuma vya kunyanyua, na mashine za kukimbilia, na walimu wa kuwaongoza watu. Mwanachama hulipa ada yake kwa mwezi. Basi, kwa kuwa ugonjwa ule huenea kwa pumzi, na watu wa mazoezi hutweta pamoja ndani ya chumba kimoja, serikali ziliamuru nyumba hizo zifungwe. Mjini New York zilifungwa tarehe 16 Machi; Uingereza zilifungwa tarehe 20 Machi, zisifunguliwe hata tarehe 25 Julai. Wenye nyumba wengine walisimamisha ada mara moja, wala hawakungoja kushurutishwa. Wengine waliendelea kuitwaa. Na kwa kuwa siku hizi ada hutolewa yenyewe katika hesabu ya benki, mwanachama hakuulizwa neno. Aliketi nyumbani, akaona tu fedha zake zimepungua.

Twapenda kuwasimulia habari ya kesi moja ya Ujerumani, maana humo hoja za pande zote mbili zilipimwa taratibu. Mtu mmoja alikuwa amefanya mapatano ya miaka 2 na nyumba ya mazoezi, kwa ada ya Euro 29.90 kila mwezi. Nyumba ikafungwa tangu tarehe 16 Machi hata tarehe 4 Juni 2020, na ada ikazidi kutolewa. Akadai arudishiwe fedha zake, asirudishiwe. Akaomba apewe hati yenye thamani ya fedha zile, asipewe. Akaambiwa kwamba atapewa muda mwingine wa mazoezi badala ya siku zilizopotea. Hakukubali, akaenda mahakamani. Mahakama ya Papenburg ikaamuru alipwe Euro 86.75. Mwenye nyumba akakata rufani Osnabrück, akashindwa. Akakata rufani tena katika mahakama ya juu iliyoko Karlsruhe, na huko nako, tarehe 4 Mei 2022, akashindwa.

Pengine msomaji atacheka na kusema: Safari ndefu namna hii kwa Euro 86.75! Lakini tusicheke upesi. Fedha zile ni chache mkononi mwa mtu mmoja. Kwa nyumba yenye wanachama 1,000 zinakuwa Euro 86,750. Tena, ndiyo hila ya dhuluma ndogo, kwamba kila mtu huona haya kuidai, akihofu kuitwa bahili, na hivyo huzidi kukua gizani. Aliyedai kidogo chake kwa utaratibu wa sheria aliwafanyia kazi wengi walionyamaza.

Sasa tuzipime hoja zenyewe. Hoja ya kwanza ya mwenye nyumba ni hii: Ahadi ni deni. Wewe uliahidi kulipa muda wote wa mapatano, basi lipa. Neno hili ni kweli, nasi hatutaki kulidharau, maana watu wasioshika ahadi hawawezi kukaa pamoja. Lakini mapatano yana watu wawili. Mmoja aliahidi fedha, na wa pili aliahidi mlango ulio wazi. Mwenye mtumbwi akipatana nawe kukuvusha mto, kisha mto ukafurika hata asiweze kuvuka, humlaumu, maana si yeye aliyeyaleta maji. Walakini hawezi kukudai nauli nawe ungali umesimama ukingo ule ule. Kutokuwa na kosa ni jambo moja. Kustahili malipo ni jambo lingine.

Huenda mtu akajibu: Mbona wako wanachama walipao mwaka mzima wasitie mguu ndani, nao hawadai kitu? Jibu ni jepesi. Ada hailipi jasho la mwanachama, bali hulipa mlango ulio wazi. Asiyekwenda hali mlango u wazi amejinyima mwenyewe. Aliyekuta mlango umefungwa amenyimwa.

Hoja ya pili ni ile ya kuongeza siku mwishoni. Kwa kuisikia ni hoja ya upole, na mara nyingi mtu aweza kuikubali kwa hiari yake. Lakini je, aweza kushurutishwa kuikubali? Waamuzi wa Karlsruhe walisema siyo. Kwa maana mtu hufanya mapatano ya namna hii ili ajizoeze daima, wiki kwa wiki. Na wakati ukiisha kupita umepita. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyetaka kuutunza mwili wake mwezi wa Aprili hawezi kuutunza mwili ule wa Aprili baada ya miaka 2. Huenda wakati huo amehama, au ni mgonjwa, au amezeeka. Tena, nyumba yenyewe yaweza kuanguka kabla ya siku ya kulipa. Kampuni moja yenye nyumba nyingi New York iliendelea kutwaa ada baada ya kufunga. Watu wakalalamika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwezi wa Aprili ikakubali kusimamisha ada na kuwaongezea watu siku zao. Na mwezi wa Septemba mwaka ule ule ikaenda mahakamani kwa kufilisika.

Hapo twafika kwenye hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mwenye nyumba asema: Nisipopokea ada, nitalipa kwa nini pango? Na walimu wangu watakula nini? Asiyesikitika kwa neno hili moyo wake ni mgumu. Msiba ule uliwapata wote wawili. Walakini angalieni jinsi unavyogawanyika. Mwanachama asipolipa, amepoteza mazoezi yake, na mwenye nyumba amepoteza mapato yake. Kila mmoja abeba mzigo wake, ingawa mzigo wa mwenye nyumba ni mzito zaidi. Mwanachama akilazimishwa kulipa, amepoteza mazoezi, tena amepoteza fedha. Amebeba wake na wa mwenzake. Na nani aliyechunguza kama aweza kuubeba? Huenda naye amefukuzwa kazi kwa sababu ya ugonjwa ule ule. Serikali ya Ujerumani iliuona ugumu huu, na mwezi wa Mei 2020 ikatunga sheria ya kati: mwenye nyumba aliruhusiwa kutoa hati ya thamani badala ya fedha taslimu, apate kupumua, lakini hati isipotumiwa hata mwisho wa mwaka 2021, mwenye hati aweza kudai fedha zake. Hivyo mmoja alipewa muda, na wa pili hakunyang'anywa haki.

Basi, je, twasema ni vibaya mwanachama kuendelea kulipa? Sivyo hata kidogo. Mwenye nacho akisema, Nawajua walimu wale, nyumba ile nataka niikute imesimama, na alipe, naye amefanya jambo jema. Lakini ajue, na mwenye nyumba ajue, ya kwamba hiyo si ada tena, ni zawadi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na zawadi yatoka moyoni mwa mtoaji. Mwenye haja na aiombe, awaeleze watu shida yake waziwazi, aonyeshe fedha zitakwenda wapi, na kila mtu ajibu kama awezavyo. Akiitwaa kimya kimya katika hesabu ya mtu, akaiita haki yake, amewaharibia wote wawili: mwenye moyo wa kutoa hakupata nafasi ya kutoa, na asiye na kitu alitozwa bila kuulizwa.

Nao wanachama wasijitakase upesi. Yuko aliyedai ada yake yote irudishwe, hali kila asubuhi alifuata mafunzo ya mwalimu wa nyumba ile ile kwa njia ya intaneti. Kazi ile nayo yastahili ujira.

Twaona jambo hili haliko mbali nasi. Kila alipaye kwa mwezi, ikiwa ni ada ya shule, au gari la kuwachukua watoto, au kibanda cha sokoni, aweza siku moja kukuta mlango umefungwa. Na kila apokeaye aweza siku moja kulazimika kuufunga. Siku hiyo, wewe upokeaye, tangulia kusema kabla hujaulizwa: nimefunga, ada nimeisimamisha, nami nina shida hii na hii. Na wewe ulipaye, ukiisha kupata haki yako mkononi, itazame, kisha umtazame mwenzako, ukaulize moyoni kiasi gani waweza kumrudishia kwa hiari. Haki na itangulie, na hisani ifuate nyuma yake.