Yakobo Aliulizwa Swali
Somo: Mwanzo 47:7-10, 49:29-33



Yakobo alifika Misri akiwa mzee wa miaka 130, amekimbia njaa, anakula chakula cha nchi ya watu. Farao akamwuliza umri wake. Swali dogo tu, lakini mzee alipata nafasi ya kuyasema maisha yake, na uchungu wake hakuuficha. Tena yeye mgeni ndiye aliyembariki mfalme!

Huko Kanada daktari wa magonjwa ya akili, Harvey Max Chochinov, aliwaandalia wagonjwa walio karibu na kufa tiba ya mazungumzo yenye maswali kama hayo. Mgonjwa huulizwa kazi gani anajivunia, na anataka watoto wake wakumbuke nini. Maneno hurekodiwa, huandikwa, naye husomewa ili asahihishe. Kisha maandishi ni yake, humpa amtakaye. Matokeo yalitolewa mwaka 2005: kati ya wagonjwa 100 wa Kanada na Australia, 76 walisema wamejiona wana heshima zaidi. Baadaye tiba hiyo ilijaribiwa pia katika nyumba za kutunzia wazee huko Uingereza. Ugonjwa haiuondoi.

Sisi hapa kambini wazee wetu tunaishi nao, na mara nyingi tunajisifu kwa hilo. Lakini mzee anaweza kukaa na watu kumi asiulizwe neno tangu asubuhi, ila kama amekula. Aliyekuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika, aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa mkunga, leo ni namba kwenye kadi ya chakula, na wajukuu waliozaliwa hapa hawamjui vinginevyo.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wa kwaya, kila wawili wamwendee mzee mmoja na daftari. Msianze na vita. Anzeni na kijiji, kazi, arusi yake. Akifika penye machozi akanyamaza, nyamazeni naye, msimvute. Msomeeni mliyoandika, maana jina la marehemu likikosewa linaumiza. Mwulizeni pia daftari apewe nani.

Yakobo aliwaagiza wanawe wamzike Makpela, walipolala Abrahamu na Isaka. Wazee wetu wengi wana neno kama hilo juu ya kaburi, nasi tunaliogopa kwa sababu njia ya kurudi hatuioni. Hata hivyo liandikwe kama alivyolisema. Tusimkatize kwa kumwambia, "Babu, acha hayo, wewe bado upo."