Ni Ile Ile, au Nyingine?

Mwaka 2008 kampuni ya Lenovo ilitoa ThinkPad X200, laptopu nyeusi yenye skrini ya inchi 12.1 na kibodi ambayo wapenzi wake wanaisifu hadi leo. Takriban miaka tisa baadaye, wapenzi wa mashine hizo nchini China, wanaojulikana kwa jina la 51nb, walibuni mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) mpya yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuipima ikae sawasawa ndani ya ganda la X200 na la nduguye, X201. Mashine iliyopatikana wakaiita X210. Kwa nje kibodi ni ile ile, bawaba ni zile zile, na kitufe chekundu cha kuongozea kishale kimekaa pale pale katikati ya herufi. Ndani, karibu kila kinachofanya hesabu ni kigeni.

Je, hiyo ni X200 iliyotibiwa, au ni mashine mpya iliyovaa nguo za marehemu?

Swali lenyewe ni la kale. Mwandishi wa kale wa Kigiriki, Plutarch, alisimulia jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hadi wanafalsafa wakagawanyika kama bado ni yenyewe. Mwaka 1655 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu: mtu akiziokota zile mbao kuukuu akaunda nazo merikebu nyingine, ya kweli itakuwa ipi? Kwa mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hili si fumbo la vitabuni. Skrini hutoka kwenye mashine iliyoungua mazabodi, kibodi hutoka kwenye nyingine iliyopasuka skrini, na jioni mteja anaondoka na kompyuta inayofanya kazi.

Wenye kompyuta wengi wana jibu lao, ingawa hawajalisoma popote. Hawaiogopei sana mazabodi. Wanaiogopea diski, maana humo mna picha, barua na hesabu za miaka. Wanakaribiana na mwanafalsafa John Locke, ambaye mwaka 1694, katika toleo la pili la kitabu chake juu ya ufahamu wa binadamu, alidai kuwa mtu hubaki yule yule kadiri ufahamu wake unavyofika kwenye matendo yake ya zamani, hata mwili ukibadilika. Lakini fundi anapotoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski isiyozunguka, kwanza hunakili kila kitu. Kazi ikiisha, ziko diski mbili zenye kumbukumbu zile zile. Kama kumbukumbu ndiyo kompyuta, basi moja imekuwa mbili mezani pale, na hakuna mteja anayekubali hivyo. Jibu la diski halitoshi.

Jibu jingine limo mahali pasipotarajiwa: masharti ya leseni. Kwa Windows inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, Microsoft huruhusu mwenye mashine abadilishe RAM, diski au skrini, na leseni ikabaki. Akibadilisha mazabodi ili kuongeza nguvu, hiyo huhesabiwa kompyuta mpya. Akiibadilisha kwa sababu imeharibika, kompyuta ni ile ile. Skrubu zinazofunguliwa ni zile zile, bisibisi ni ile ile, lakini hukumu ni mbili. Kilichozitenganisha ni sababu ya kufungua. Kampuni ilikuwa ikilinda biashara yake, lakini imegusa jambo zito: umoja wa chombo haumo katika vipande vyake, umo katika nia ya anayekishika.

Kwa binadamu mambo ni tofauti. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipowajibu waliokanusha ufufuo wa miili katika Tahafut al-Falasifa, alikumbusha kwamba mwili hubadilika kwa chakula tangu utoto hadi uzee, na mtu hubaki yeye yule, kwa kuwa ana nafsi. Mgonjwa aliyepewa figo ya nduguye hangoji mtu aamue kama bado ni yeye. Wala bibi aliyepotewa na kumbukumbu hapungukiwi na ubinadamu wake kwa sababu wajukuu wamechoka. Kompyuta haina nafsi. Umoja wake inaukopa kwa mtumiaji. Kwa mwandishi ambaye vidole vyake vimeizoea kibodi ile na anataka kuendelea kuandikia hapo hapo, X210 ni X200 yake.

Kama ni hivyo, kifo cha kompyuta nacho ni uamuzi, na kina mwamuzi. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au baada yake. Mashine nyingi zisizo na kasoro zikaonekana zimekwisha, bila hata skrubu moja kulegea. Mbadala wake unahitaji betri mpya, na kobalti iliyomo katika betri nyingi za laptopu huchimbwa kwa wingi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwemo Kolwezi, mji unaosema Kiswahili. Kutupa kilicho kizima kuna uzito wa kidini pia: Uislamu unakataza israfu, yaani ufujaji, na Wakristo hufundishwa kuwa mali ni amana. Mwenye laptopu ya zamani anaweza kuiongezea RAM na kuipa SSD, kisha akaweka mfumo wa Linux. Kabla ya kuitupa, inampasa ajiulize: kazi aliyoikusudia imekwisha kweli, au amekubali tu nia ya kampuni iwe nia yake?