Aliyetunza Mavazi

Somo: Matendo 7:54–8:1

Wapendwa, saratani haikui peke yake. Ukiutazama uvimbe kwa darubini, utakuta seli zilizoasi zimezungukwa na nyingine zisizo na saratani: zinazotengeneza nyuzi za kuunga kidonda, zinazojenga mishipa ya damu, na zile za kinga ya mwili. Uvimbe hutoa ishara kama za jeraha, nazo huitika. Huleta damu, hutandaza nyuzi, na baadhi ya seli za kinga huzizuia nyingine zisishambulie. Ndiyo maana mwaka 1986 Harold Dvorak, daktari wa Marekani, alifananisha uvimbe na kidonda kisichopona.

Miaka hiyohiyo ya 1980, mtafiti Mina Bissell na wenzake walidunga virusi vya saratani kwenye bawa la kifaranga. Uvimbe ukaota hapo. Walipolijeruhi bawa la pili, nalo likaota uvimbe. Lakini virusi hivyohivyo vilipowekwa kwenye kiinitete ndani ya yai, uvimbe haukutokea.

Nisieleweke vibaya: ugonjwa si adhabu, wala simnyoshei mgonjwa kidole. Nasema jinsi uovu nao, kama uvimbe, unavyopata nguvu katikati yetu kutoka kwa walio kando yake.

Katika somo letu, Stefano alipopigwa mawe, Sauli hatajwi kurusha hata moja. Alitunza mavazi tu, huku moyoni akiafiki, na waliorusha wakabaki na mikono huru. Kwetu, mweka hazina anakula michango ya wajane, na katibu, mtu mpole, anasaini hesabu ili amani isivunjike. Mume anampiga mkewe. Wazee, kwa nia njema, wanamsihi mama wa watu avumilie, asitoe siri za ndani. Upole na heshima, vipaji vya Mungu, vinageuka lishe ya uovu.

Tiba ya saratani nayo imejifunza kulenga majirani hao wa uvimbe. Zipo dawa zinazozuia mishipa inayolisha uvimbe, na nyingine zinazoirudishia kinga ya mwili uwezo wa kupambana. Sauli naye, alipogeuka, aliinuliwa na watu waliomzunguka: Anania alimwita ndugu, Barnaba akamdhamini mbele ya mitume.

Basi juma hili katibu adai risiti kabla ya kusaini. Wazee wamwendee yule mama, wamsikilize mpaka mwisho, wahakikishe yuko salama, ndipo wamkabili mume. Bwana atupe ujasiri huo. Amina.