Zawadi au Biashara?

Mwalimu mmoja kijana, aliyepata kuwa mwanachuo wangu, alinijia jioni moja na shilingi elfu hamsini mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Hivi hii ni biashara kweli?" Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Mimi mwenyewe nimo." Akaenda akatoa fedha zake.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Juu yupo mtu mmoja, chini yake wawili, kisha wanne, kisha wanane. Kila mmoja wa wale wanane humpa wa juu sh. 50,000, naye huondoka na sh. 400,000. Hapo kundi hugawanyika mara mbili, na waliobaki hupanda ngazi wakingoja wapya waletwe. Tuliambiwa kwamba hiyo ni zawadi, maana zawadi haina kesi. Lakini aliyetaka kumshawishi shemeji yake aliiita biashara. Kitu chenye jina moja la kumwambia polisi na jingine la kumwambia ndugu kilipasa kunishtua mapema.

Zawadi haikuwa. Nikikupelekea kuku wa sikukuu, pengine natumaini nawe utanikumbuka, lakini sikai kuhesabu zamu yangu.

Biashara je? Mama anayenunua dagaa Mwanza akawauza Dodoma amefanya kazi: dagaa walikuwa mbali, sasa wako karibu na chungu cha mlaji. Faida yake imetoka humo. Hata upatu wa akina mama, ambao si biashara, una haki yake. Kumi wakichanga elfu kumi kumi, kila mmoja kwa zamu yake hupata laki moja, wala hakuna aliyepunjwa.

Sisi hatukuhamisha hata dagaa mmoja. Chukua watu 800 waliochanga. Kwa kuwa kila mpokeaji anahitaji wachangaji wanane, waliopokea hawawezi kuzidi 100. Mia saba wametoka mikono mitupu, na hesabu hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, bila mvua kukosekana wala bei kuanguka. Nami nilifundisha hesabu! Mwaka 2009, serikali ilipoizuia DECI, niliwashangaa watu waliokuwa "wamepanda mbegu" humo wakilalamika kwamba wamenyimwa mavuno. Miaka michache baadaye nikapanda zangu.

Zamu yangu ilifika. Nilinunua mabati ya jiko. Baada ya wiki chache wapya wakakosekana, mambo yakaishia hapo.

Nilipomwendea yule kijana, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, biashara ina hasara." Ningeweza kulipokea neno hilo nikaenda zangu. Lakini hasara ya biashara huwa ya bidhaa iliyooza au mteja aliyekosekana. Hasara yake ilikuwa imepigiliwa misumari juu ya jiko langu, kwani alikuwa mmoja wa wanane wangu. Nikamwekea elfu hamsini mezani. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akazichukua, tukanywa chai.

Wamebaki saba. Majina yao sikuyauliza wakati ule.