Unyayo ni Shahidi wa Namna Gani?

Watu wengi wakielezwa jambo lililopita zamani sana huuliza, "Ni nani aliyekuwako akaliona?" Nao hudhani kwamba swali hilo limekwisha kukata maneno. Swali si baya, maana haifai mtu kusadiki kila asikialo. Lakini kuuliza si kujibu. Lau kila lisiloonekana kwa macho lingekataliwa, mwizi aingiaye usiku akaacha nyayo zake mchangani angekwenda zake salama. Basi lililo bora ni kuuliza hivi: athari iliyobakia yashuhudia nini, na ushahidi wake wakoma wapi?

Na tutwae mfano. Mwaka 2024 wataalamu, mkubwa wao Louis Jacobs wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist kilichoko Texas, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya nyayo za wanyama wa kale waitwao dinosauri. Nyayo hizo ni zaidi ya 260, nazo zimeonekana katika nchi mbili: Kameruni, katika bonde la Koum, na Brazili, katika majabali ya Sousa yaliyoko kaskazini mashariki. Nyingi ni za wanyama wala nyama wenye vidole vitatu, na umri wake wakadiriwa kuwa miaka milioni 120. Leo baina ya mahali hapo pawili pana zaidi ya kilomita 6,000, na Bahari ya Atlantiki imelala katikati. Wataalamu hao wasema kwamba zama hizo pembe ya kaskazini mashariki ya Brazili ilikuwa imeshikamana na Afrika penye Ghuba ya Guinea, na wanyama waliweza kupita kwa miguu.

Je, wamepata wapi haki ya kusema hayo? Kwanza, unyayo una sifa isiyokuwa nayo mfupa. Mfupa huweza kuchukuliwa na mto ukazikwa mbali na alipofia mwenyewe; ama unyayo hauchukuliki: ulipo ndipo mguu ulipokanyaga. Pili, hawakutegemea sura ya nyayo peke yake. Waliyatazama majabali, wakaona kwamba pande zote mbili yalifanyika katika mabonde yaliyobonyea wakati ardhi ilipokuwa ikivutwa na kupasuka, kama lilivyofanyika Bonde la Ufa letu hapa Kenya. Mito ikamimina humo, maziwa yakatanda, na tope la kandokando likazipokea nyayo na kuzihifadhi. Tena waliangalia chavua ya mimea iliyozikwa katika tope lile, nayo huonyesha zama zake. Mashahidi hawa ni wa namna mbalimbali, wala hawakupatana kwanza, nao wasema neno moja. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja: si wingi wa athari, bali ni kuafikiana kwa athari zisizotegemeana.

Jambo hili si geni kwa watu wa sheria. Waarabu wa Banu Mudlij walisifika kwa kufuata nyayo, na hata kwa kutambua nasaba kwa kutazama miguu. Wanavyuoni walikhitalifiana juu ya ujuzi huo: Malik, Shafii na Ahmad waliukubali katika kuthibitisha nasaba inapogombaniwa, na Abu Hanifa hakuukubali, kwani wasio jamaa huweza kufanana, na walio jamaa wasifanane. Wote wana funzo kwetu. Wale hawakuitupa dalili kwa kuwa haina ulimi. Na huyu alitukumbusha kwamba kufanana si yakini.

Onyo hilo lazihusu nyayo zetu pia. Kufanana kwake hakuthibitishi kwamba mnyama fulani alitoka Koum akafika Sousa, wala kwamba wote walikuwa wa jinsi moja hasa. Linalothibiti, pamoja na dalili nyinginezo, ni kwamba njia ilikuwako. Mwenye kusema zaidi ya hapo amelisemea jiwe neno ambalo jiwe halikulisema.

Hayo yamekwisha kutokea. Hapo zamani wataalamu waliona mabaki ya viumbe vya aina moja pande zote mbili za bahari, wakahukumu kwamba palikuwa na daraja la nchi kavu lililozama. Athari ilisema kweli kwamba palikuwa na maungano. Daraja walilitia wao. Mwaka 1912 Alfred Wegener, Mjerumani, akasema kwamba mabara yenyewe ndiyo yaliyoachana, kwani bara haliwezi kuzama, majabali yake yakiwa mepesi kuliko ya chini ya bahari. Wengi walimpinga kwa sababu hakuweza kuieleza nguvu iliyoyasukuma. Alikufa Greenland mwaka 1930. Na katika miaka ya 1960, ilipobainika kwamba sakafu mpya huzaliwa katikati ya bahari na kusogea pande mbili, kauli yake ikakubaliwa. Wapinzani wake hawakukosa kwa kutaka dalili zaidi. Walikosa kwa kufanya kutoijua sababu kuwa ni hoja ya kutokuwako kwa jambo.

Basi, ndugu msomaji, usidhani kwamba haya ni ya mawe tu. Kila siku twawahukumu watu kwa athari. Mtu aona viatu vya mwenzake mlangoni pa fulani, na kabla ya jua kutua mji mzima umekwisha kuambiwa yaliyosemwa ndani. Viatu vimeshuhudia kwamba viko mlangoni. Hayo mengine ameyatunga aliyepita njia. Mwenye kukataa kila athari hupoteza haki za watu, na mwenye kuizidishia athari huzivunja heshima zao. Uadilifu ni kuipa kila dalili kadiri yake, kisha kunyamaza inaponyamaza.