Huyo ni Mtoto wa Mtu



Jumapili moja baada ya kikao cha VIWAWA, dada mmoja alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo nilidhani nitalimaliza kwa sekunde mbili. "Kaka, hivi ni dhambi kumpenda mwigizaji anayeigiza mashetani?" Ana picha zake kwenye simu, muvi zake zote anazijua, na kuna mtu kamtisha kwamba ataingiwa na pepo. Nikamwambia, "Hapana, si dhambi." Akaenda zake kwa furaha. Mimi ndiye nikabaki na swali, maana lilinirudisha nyumbani Zirai, kwenye jambo nililoliungama zamani lakini sijawahi kulisimulia.

Wanaokumbuka filamu zetu za zamani wanaijua Shumileta, ile ya Mussa Banzi ya mwaka 2005. Jini wa kike, mzuri kupita kiasi, anampenda binadamu. Aliyeigiza ni Jennifer Mwaipaja, na jina la Shumileta likamganda. Ilipotufikia sisi huku milimani nilikuwa darasa la nne. Kulikuwa na banda la video, jenereta linanguruma nje, watoto tumebanana kwenye mabenchi. Filamu ikiisha ni giza, na si unajua ukungu wa Usambara? Unatembea kwenye mashamba ya iliki, mkono wako mwenyewe huuoni. Nilikimbia mpaka nyumbani. Usiku sikulala. Kesho yake nikatafuta hela ya kurudi tena!

Ndivyo ushabiki ulivyonianza. Nilikata picha yake kwenye gazeti nikaibandika ukutani, karibu kabisa na kalenda ya parokia yenye Bikira Maria. Nilijitambulisha kwa watu kama mtu wa Shumileta. Nilijua kila tukio, nani anakufa lini, muziki unabadilika wapi. Mama aliiangalia ile picha siku kadhaa bila kusema kitu. Halafu jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, na huyu unamwombea?"

Nilicheka. "Mama, nani anamwombea jini?"

"Jini wapi? Huyo ni mtoto wa mtu."

Akaendelea kupepeta mchele. Mimi nikaona mama hajui mambo ya sinema.

Sasa turudi kwenye swali la yule dada. Kuigiza ubaya si kuutenda. Kanisa lina hata mtakatifu msimamizi wa waigizaji, Genesi wa Roma, tunayemkumbuka tarehe 25 Agosti. Mapokeo yanasema alipanda jukwaani mbele ya Kaisari Diokletiano kuigiza ubatizo kwa kuwadhihaki Wakristo, akaongoka palepale, akafa shahidi. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, alipokuwa bado kijana Karol Wojtyla, aliigiza Krakow kwa siri wakati Wajerumani wameikalia Poland. Akiwa Papa, mwaka 1999, aliwaandikia wasanii barua nzima. Kwa hiyo, yule dada asitishwe. Hadithi za kutisha tumezisikia jikoni kwa bibi zetu tangu zamani, mazimwi na yote, na zilitufundisha kuuogopa uovu.

Lakini jibu haliishii hapo. Mnamo mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nikea ulijibu swali linalotuhusu sana sisi watu wa kubandika picha. Wakristo walikuwa wanagombana: je, kuheshimu sanamu na picha si kuabudu mbao na rangi? Mtaguso ukafundisha kwamba heshima unayoipa picha haibaki kwenye picha, inapita kwenda kwa yule anayeonyeshwa. Ukimbusu Bikira Maria kwenye picha, busu halibaki kwenye karatasi.

Hebu tupime ushabiki wetu hapo. Upendo wangu kwa ile picha ya gazeti ulikuwa unaenda kwa nani? Kwa dada mmoja wa Kitanzania aliyekuwa na ndugu, uchovu na roho ya kuokoa? Hapana. Ulikuwa unaishia kwenye jini. Yeye mwenyewe, kusema kweli, sikuwa na habari naye.

Na hili si la Zirai tu. Mhungaria mmoja, Bela Lugosi, aliigiza Dracula huko Marekani mwaka 1931, na watu hawakutaka tena kumwona akiwa mtu mwingine. Alizeeka akiwa mtumwa wa mofini, na mwaka 1955 akaenda mwenyewe kuomba atibiwe. Alifariki Agosti 1956, akazikwa akiwa amevalishwa lile joho la Dracula. Na yale makaburi ni ya Kikatoliki, yanaitwa Holy Cross, yako California. Siihukumu familia yake, waliompenda ndio waliomvalisha. Ila kila nikilifikiria hilo najiuliza: kati ya mashabiki wote wale, wangapi walimwombea mzee Bela mwenyewe?

Jamani, mpaka hapo kosa langu lingekuwa dogo. Kubwa ni hili.

Kitongojini kwetu kulikuwa na bibi mmoja aliyeishi peke yake. Alikuwa na macho mekundu. Jiko lake lilikuwa la mafiga matatu, dirisha hakuna, kuni mbichi za msimu wa mvua; amepikia moshi ule maisha yake yote. Siku moja anapita, nikawaambia wenzangu, "Shumileta huyo!" Tukaangua kicheko, tukakimbia. Utani tu. Kesho yake watoto watano wanamwita hivyo. Baada ya mwezi, hata wadogo ambao hawajawahi kuiona ile filamu. Halafu mtoto wa jirani akaugua degedege, na nikamsikia mtu mzima, mtu mzima kabisa, akiuliza kwa sauti ya chini kwa nini watoto wanamwogopa yule bibi.

Mnajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Kwetu hakuna aliyeinua panga, namshukuru Mungu. Lakini jumuiya ndogo ndogo husali kwa zamu nyumba kwa nyumba, na zamu ya kwake ilipofika, wakasema njia inateleza. Zamu nyingine wakasema mvua. Yule bibi akaacha kuja.

Mama ndiye aliyeligundua jina lilikotoka. Hakunipiga. Alinishika mkono mpaka mlangoni kwa yule bibi. Nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyenipa lile jina?"

Alikuwa anajua. Nikalia. Akaniacha nilie, halafu akauliza, "Sasa huyo Shumileta ni nani hasa?" Nikamweleza kwa kwikwi: ni jini wa kwenye video, ila aliyeigiza ni dada mmoja mzuri sana. Akafikiri. "Kumbe mzuri? Mngeniambia mapema." Akacheka kidogo. Mama hakucheka.

Wiki iliyofuata mama alisimama kwenye jumuiya akasema zamu ni ya kwa bibi, iwe mvua, iwe nini. Na mvua ilinyesha kweli. Tulisali rozari tumejazana kwenye lile jiko, moshi umetanda, na tulipotoka hakuna hata mmoja ambaye macho yake hayakuwa mekundu. Nilimwona yule mtu mzima wa maneno ya chini chini akijifuta kwa kitambaa. Hakusema kitu. Wengine waliendelea kupita mbali na ile nyumba hata baadaye. Jina huwa halifutiki kama lilivyoandikwa.

Kwa hiyo dada yangu, nakuongezea jibu. Mpende huyo mwigizaji wako. Lijue jina lake la kweli, si la kwenye muvi tu, na ukiiona picha yake kwenye simu mwombee kama unavyomwombea ndugu. Kama upendo wako hauwezi kufika kwake yeye mwenyewe, basi bado unalipenda joho tu. Na ile sura ya kutisha iache hukohuko kwenye filamu, usimvike jirani yako. Bwana wetu mwenyewe waliwahi kumwita Beelzebuli.

Yule bibi amekwisha kutangulia. Leo katika rozari yangu fungu moja ni lake, na moja ni la Jennifer, mtoto wa mtu, popote alipo. Wewe utamtaja nani?